Hivi kweli Wazungu walikuja kujua mimea ina dume na jike baada ya daktari mmoja kwenda Cairo?

#1 mwalimu_chaki
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi naomba tulijadili kwa utulivu.

Nafundisha bayolojia kidato cha pili. Juzi namalizia mada ya uchavushaji, mwanafunzi mmoja wa nyuma kule akanyoosha mkono, "mwalimu, nani alijua kwanza kwamba maua yana dume na jike?" Nikamjibu Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Narudi nyumbani roho haijatulia, nikaanza kusoma mpaka saa nane usiku nikakutana na jamaa anaitwa Prospero Alpini. Kazaliwa Marostica, eneo la Venice huko Italia, 1553, kasomea udaktari Padua, 1580 akaondoka kwenda Misri akiwa daktari wa konsuli wa Venice pale Cairo, akakaa kule kama miaka mitatu, 1584 yuko kwao. Sasa kule Cairo akawaona wakulima wa mitende wanachukua unga wa maua ya mtende dume wananyunyizia maua ya jike, na akaandika wazi kabisa kwamba jike halizai bila hivyo. Kitabu chake cha mimea ya Misri kimechapwa Venice 1592. Huyo Linnaeus tunayemsifia kwa kupanga mimea kwa kufuata viungo vya uzazi ni 1735. Zaidi ya miaka 140 baadaye!

Mimi ninavyoona, aliyejua ni mkulima wa Cairo, Alpini alikuwa mbeba barua, na Linnaeus ndiye akaandikwa kwenye kitabu cha shule. Nimekosea wapi?

#2 Kibuyu_Kitupu
Nimekaa mbele kabisa hapa. Mwalimu ungemjibu mtoto "nitakuambia kesho" ungelala mapema siku hiyo

#3 Mwanahistoria254
Salaam wadau. Mwalimu swali ni zuri lakini usimvishe Alpini taji haraka hivyo. Theophrastus, yule mwanafunzi wa Aristotle, aliandika habari ya kunyunyizia mtende jike vumbi la dume karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Na kabla yake kuna michoro ya mawe ya Waashuri, karne ya 9 kabla ya Kristo, viumbe wenye mabawa wameshika kitu wamesimama mbele ya mti, na wasomi wengi wanasema pale mtende unachavushwa, ingawa wengine wanapinga. Kwa hiyo Wazungu walikuwa na hiyo habari vitabuni kitambo sana.

Swali langu kwako ni hili, kama ilikuwa vitabuni miaka 1,800, kwa nini ilikaa tu bila kuzaa chochote?

#4 Bin_Rasi
Assalam alaykum. Mie niko Oman, kwa baba mkwe wangu kuna shamba la mitende, kwa hivyo hili jambo silisomi kitabuni nnalifanya kwa mikono yangu kila mwaka.

Msimu wake mwezi wa pili mpaka wa tatu. Karara la dume, yaani ile ala inayofunika maua, likipasuka unalikata, ndani mna vishada vyeupe, ukivitikisa vumbi linatoka kama unga wa ngano. Unapanda juu kwa jike, kiunoni umejifunga kamba, karara la jike nalo liwe limeshafunguka, unavipachika vishada vya dume vichwa chini katikati ya shada la jike unafunga kidogo ili upepo usivichukue. Basi. Dume mmoja anatosha majike kwa makumi, ndo maana mashamba yote madume ni wachache. Mtende dume kwa Kiarabu ni *fahl*. Sasa nyie mlioko bara mkisema fahali wa ng'ombe ni neno hilohilo, na sisi tumelipata kutoka huko. Yaani hata jina lenyewe linakwambia hawa watu walijua mti ule ni mwanamume, na hawakungoja mtu wa Venice aje awaeleze!

#5 mwalimu_chaki
#4 shekhe umenifurahisha, hii ya fahali kesho naipeleka darasani. #3 ndugu yangu Theophrastus nakubali, nilimsahau. Ila kusoma kwamba kuna watu mbali huko wanafanya hivi ni tofauti na kwenda kukaa nao miaka mitatu ukawaona wanapanda. Au sivyo?

#6 Nshomile77
Wakuu mnazungumzia tende mnaruka jambo kubwa kuliko yote, KAHAWA. Huyohuyo Alpini kitabu chake cha 1592 ndicho chenye mchoro wa kwanza wa mti wa kahawa kuchapwa Ulaya. Aliuona kwenye bustani ya bwana mmoja wa Kituruki palepale Cairo. Na angalieni alivyoandika majina, punje kaziita *bon* na kinywaji *caova*. Sisi tunasemaje? Buni na kahawa! Mtu akifungua kile kitabu cha Kilatini leo mzee wa kijiweni Tanga anaweza kukielewa hapo

Kwetu Kagera buni tunatafuna tangu zamani, zinachemshwa na majani zinakaushwa unampa mgeni, ila ile ni robusta, ya Alpini ni arabika.

#7 Mtepe
#6 hapo kwenye kahawa rekebisha kidogo nduu yangu. Mchoro ni wa Alpini sawa, lakini kinywaji chenyewe kilitajwa kabla yake. Yuko Mjerumani Leonhard Rauwolf wa Augsburg, naye daktari, aliondoka 1573 akafika Aleppo, Baghdad, mpaka Jerusalem, akarudi 1576. Kitabu chake kimetoka 1582 na humo anakieleza kinywaji cheusi kama wino wanachokinywa watu asubuhi kikiwa moto sana, yeye kaandika *chaube*. Aliyempeleka ni shemeji yake mwenye kampuni ya biashara, akitaraji daktari atamletea habari za dawa za kuuza. Mimea aliyoikausha safarini ingalipo Leiden, Uholanzi, hadi leo.

Jambo lenyewe hasa lataka tulitazame hapo, kwenye biashara. Hawa hawakutumwa na elimu peke yake.

#8 Nshomile77
#7 sawa nimekubali, kinywaji Rauwolf mchoro Alpini. Mti tumebaki nao sisi

#9 Mama_Ubuyu
Habari zenu jamani. Mimi nauza ubuyu Dodoma mjini nanunua kutoka vijijini kwetu, nimeingia humu baada ya mwanangu kunisomea huu uzi. Naomba kuuliza, huyo daktari hakuuona ubuyu?

#10 mwalimu_chaki
#9 mama karibu sana. Aliuona! Na yeye ndiye Mzungu wa kwanza anayetajwa kuuandika. Lakini hakuuona mti, aliona tunda tu kwenye soko la Cairo, maana mbuyu si mti wa Misri, tunda lilikuwa linafika kutoka kusini huko. Kaandika *bahobab*, na wapo wanaosema ni Kiarabu, tunda lenye punje nyingi. Anasema watu wa Cairo walitumia unga wake kwa homa na kuharisha damu. Mti wenyewe ulikuja kuelezwa vizuri na Mfaransa Michel Adanson aliyekaa Senegal kuanzia 1749, ndiyo maana jina la kisayansi ni Adansonia.

#11 Mama_Ubuyu
Jamani! Bibi yangu alikuwa anakoroga unga wa ubuyu kwenye maji anampa mtoto akiharisha, sisi tukidhani ni mambo ya kijijini tu kumbe na Cairo walikuwa wanafanya miaka hiyo yote. Nimesikia mwili unanisisimka kwa kweli.

Sasa na mimi niulize, kwetu wazee wanasema kuna mbuyu dume. Upo mmoja njia ya kisimani mkubwa kuliko yote na hauzai, au ukizaa ni vibuyu viwili vitatu. Kila mtu anauita dume. Hilo nalo ni kweli kama la mtende?

#12 DaktariMitishamba
#11 mama, ua la mbuyu moja lina vyote viwili, vya kiume na vya kike humohumo, linafunguka jioni na popo ndio wanaohamisha chavua, ule unga wa kiume. Kwa hiyo mbuyu dume kwa maana ya mtende HAKUNA.

#13 Mama_Ubuyu
Sasa mbona hauzai? Popo wapo wengi tu.

#14 DaktariMitishamba
Inaweza kuwa asili ya mti wenyewe, inaweza kuwa chavua inayoufikia ni yake mwenyewe haikubali. Watu wa Afrika Magharibi nao wanasema kama nyinyi, mibuyu dume na jike. Siwezi kusema wazee wamekosea kuona, wameona sawa mti hauzai, jina tu ndilo lina utata.

Na mimi nirudi kwenye mada. Mnamchambua Alpini kama mtu wa mimea wakati yeye ni tabibu kwanza. 1591, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha mimea, alitoa kitabu cha utabibu wa Wamisri, kuumika, kuchanja, kuchoma ngozi kwa moto, afyuni, mambo ya hamamu. Mwaka huohuo katoa kingine juu ya zeri tu. Kwa nini zeri? Kwa sababu maduka ya dawa ya Venice yalikuwa maarufu kwa dawa moja ya kuondoa sumu inaitwa theriaka, inachanganywa vitu makumi kwa makumi, na kimojawapo ni zeri halisi. Zeri hiyo ilikuwa inalimwa kwenye bustani ya Matariya karibu na Cairo. Ukikosea mmea umekosea dawa, umekosea dawa mgonjwa anakufa. Madaktari wa Ulaya walikuwa wanagombana mmea gani ndio ule ulioandikwa na Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, na kitabu peke yake hakikuweza kuwaamua, ilibidi mtu aende aushike. #7 yuko sahihi, sababu ni dawa na biashara. Hii ya mtende alikutana nayo njiani tu.

#15 Toroli
Wakuu mimi niko Tabora. Mitende ya kwetu mnaijua, ilipandwa enzi za misafara ya Waarabu. Nyumbani kwangu ninao mmoja niliupanda mwenyewe kwa kokwa, una miaka kumi na kitu, umetoa maua mara nne sasa hakuna tende hata moja ya kula. Jirani akaniambia piga msumari. Kwa mipapai dume tunafanya hivyo, unapigilia msumari kwenye shina unaanza kuzaa. Nimepiga misumari mitatu mikubwa kwenye mtende. Hamna kitu.

#16 Kibuyu_Kitupu
Misumari mitatu! Mtende umekukosea nini Toroli

#17 Mwanahistoria254
#15 pole sana mkuu. Ila hii ya msumari kwenye papai hata kwetu Kitui ipo. Alpini angekuja kwetu angeandika na hiyo.

#18 Mtepe
#17 papai asingeliona Misri wakati ule akaliandika kama mmea wa huko, papai asili yake ni bara la Amerika.

#19 mwalimu_chaki
#15 huo msumari nadhani nina maelezo yake. Mpapai una aina tatu, dume, jike, na wenye vyote viwili, na ule wa dume wakati mwingine hali ya hewa ikibadilika au ukipata msukosuko unaweza kutoa maua yenye vyote viwili ukazaa vipapai vidogo virefu. Mkulima akipiga msumari halafu ikatokea, sifa inakwenda kwa msumari.

Na hapa ndipo namrudia #3 kwenye swali lake. Kuona jambo, kulieleza, na kulijaribu ni hatua tatu mbalimbali.

#20 Mwanahistoria254
Hapo sasa umesema. Na kama ni kujaribu basi Alpini hayumo, aliyejaribu ni Camerarius, Rudolf Jakob Camerarius, mtaalamu wa mimea, alikuwa Tübingen Ujerumani. Aliondoa maua ya kiume kwenye mbarika kabla hayajafunguka, mbegu hazikutoka. Akakata ndevu za mahindi, punje hazikujaa. Mforsadi jike uliokuwa peke yake ukatoa matunda yasiyo na mbegu. Barua yake juu ya jinsia ya mimea ni 1694. Kabla ya hapo, 1682, Mwingereza Nehemiah Grew alishaandika kwamba zile stameni ndizo sehemu ya kiume. Linnaeus aliwakuta hao, sio Alpini peke yake.

#21 Toroli
Mbarika kwetu tunaita mnyonyo. Endeleeni nasoma

#22 Mtepe
Miye nitie la tatu. Mwasahau Waarabu wenyewe. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefia Damascus 1248, alitembea Afrika Kaskazini yote akafika Misri akichuma mimea, kitabu chake kina vitu kama 1,400 kwa mpangilio wa herufi, na kila kimoja kataja nani kasema nini, na yeye mwenyewe kaona nini. Hiyo ni miaka 340 kabla ya Alpini. Tofauti ya Alpini ni kwamba alikuwa na kiwanda cha chapa Venice, mwenziwe hakuwa nacho. Mchoro wa mti ukichapwa, mtu wa Leiden na mtu wa Basel wanatazama jani lilelile. Kitabu cha kunakili kwa mkono, kila mwandishi anakuchorea jani lake.

#23 Bin_Rasi
#22 maneno yako yana uzito. Lakini mie nnaona vyote hivi, chapa, biashara, Camerarius, havimjibu mwalimu. Mwalimu kauliza nani ALIJUA. Baba mkwe wangu hajui kusoma Kilatini wala hajamsikia huyo Mjerumani, na ukimuuliza kwa nini mtende huu una tende chache atakwambia dume aliyetumika ni fulani, si mzuri, mwakani tumia yule wa kwa jirani. Anachagua dume kama mtu anavyochagua mbegu ya mbuzi. Hiyo si elimu?

#24 Nshomile77
Ni elimu kabisa. Mimi nalima vanila, kila asubuhi msimu wa maua niko shambani na kijiti, ua linafunguka saa chache tu, unainua kile kingozi kinachotenganisha dume na jike unabonyeza na kidole gumba limekwisha. Njia hii aliigundua Edmond Albius, mtoto wa miaka 12, mtumwa kisiwani Réunion, 1841. Wataalamu wa mimea walishindwa kuwapa wakulima njia nyepesi mtoto akawapa. Dunia nzima inatumia kidole cha yule mtoto mpaka leo

#25 Kibuyu_Kitupu
#24 miaka 12? Mwalimu huyo mwanafunzi wako wa nyuma mwangalie vizuri

#26 DaktariMitishamba
Nyongeza fupi. Alpini baadaye akawa mwalimu wa mimea ya dawa Padua, 1594, na 1603 akapewa ile bustani yao aiongoze. Bustani ile ni ya 1545 na haijahamishwa mpaka leo. Kuna mtende pale alioupanda yeye, Goethe, yule mshairi wa Kijerumani, aliuona akaandika juu yake.

#27 mwalimu_chaki
#26 mkuu hapo hapana. Ule ulipandwa 1585 wakati Alpini hajakabidhiwa bustani, na si mtende wa tende, ni ule mfupi wenye majani kama kipepeo cha kupepea moto. Goethe aliuona 1786 ni kweli, na ndipo wazo lake kwamba viungo vyote vya mmea vinatokana na jani lilipopata nguvu.

#28 DaktariMitishamba
Ahsante, nilichanganya. Lakini jenasi ya Alpinia, jamaa ya tangawizi, imepewa jina kwa heshima yake. Hilo sijachanganya.

#29 Mwanahistoria254
Maadamu mmetaja huo mti mfupi, kuna kisa kinanipendeza sana. Berlin kulikuwa na mmoja jike, umri mkubwa, kila mwaka maua bila mbegu. Mwaka 1749 Gleditsch, mtaalamu wa mimea wa hukohuko Berlin, akaletewa chavua ya mti dume kutoka Leipzig kwa posta, akaunyunyizia, ukazaa mbegu, na mbegu zikaota. Hapo wabishi wengi wa Ulaya walinyamaza. Sasa mwalimu, jaribio hili ni mtoto wa Camerarius au ni mtoto wa wakulima wa Cairo? Mimi nasema Camerarius.

#30 mwalimu_chaki
Mimi nasema Cairo. Gleditsch alifanya kilekile anachofanya shekhe wa #4, tofauti yake dume alikuja kwa gari la farasi.

#31 Mtepe
Na mimi nasema bila chapa ya Venice wote wawili msingekuwa na la kubishania.

#32 Toroli
Subirini wakuu. Hii ya posta imenigusa. #4 shekhe naomba unisaidie, mtende wangu ukitoa maua baadaye zinatoka tende ndogo ndogo kama njegere, tatu tatu zimebanana, ukipasua hakuna kokwa ndani, zinakaa hivyohivyo kijani halafu nyingine zinapukutika.

#33 Bin_Rasi
Tatu tatu na hazina kokwa? Toroli mti wako mzima kabisa. Ni jike, hajapata mume. Ua moja la mtende jike lina vifuko vitatu, likipata vumbi la dume kimoja kinakua viwili vinakufa, lisipopata vyote vitatu vinakua bure. Jirani yako hana dume?

#34 Toroli
Mtaa mzima nimezunguka sijaona. Kulikuwa na mmoja kwa mzee fulani, wameukata kwa sababu ulikuwa hauzai.

#35 Mama_Ubuyu
Maskini, wamemkata mume!

#36 Bin_Rasi
Sikiliza. Vumbi la dume likikaushwa vizuri kivulini likawekwa kwenye chupa kavu ndani ya friji linakaa mwaka mzima. Mie nnakuja Dar mwezi wa tisa inshallah kwa harusi ya binamu. Wako unatoa maua lini?

#37 Toroli
Mwaka jana ilikuwa kumi mwishoni. Nitakuja kupokea mwenyewe, hata kwa treni.

#38 DaktariMitishamba
Hilo vumbi lipitisheni kwa watu wa ukaguzi wa mimea pale uwanja wa ndege, muombe kibali mapema, msije mkaleta ugonjwa wa mitende Tabora.

#39 Bin_Rasi
Sawa daktari, nitauliza kabla. Toroli, karara la jike likipasuka usingoje, siku mbili tatu za mwanzo ndo zake. Na hiyo misumari itoe.